Laini Moja ya Sebuleni

Butimba, Mwanza
21 Novemba 1999

Mpendwa Dada Bernadeta,

Shikamoo dada. Natumaini wewe na watoto mko wazima hapo Nansio, na kwamba sauti yako haijakauka kwa kulifokea darasa la nne. Sisi hatujambo. Baba anakohoa kidogo, lakini bado anagombana na redio, kwa hiyo usiwe na wasiwasi.

Barua yako nimeipata, pamoja na sato waliokaushwa. Umenishukuru kwa jinsi nilivyohangaika na fomu zako za chuo Ijumaa ile. Shukrani hiyo ndiyo inayonifanya niandike.

Unajua kompyuta zetu tatu za sebuleni zinatumia laini moja ya simu. Wateja wanatuma barua pepe, vijana wanacheza mchezo wa vita na wenzao walioko Dar. Laini ni ndogo, wote hawapiti kwa pamoja, ndiyo maana nilipanga kwenye mashine kubwa nani atangulie: barua kwanza, mchezo baadaye. Fomu zako na picha za vyeti zilikuwa nzito. Nilizianzisha saa nane mchana, na mwisho wa kupokelewa ulikuwa saa kumi na moja.

Ilipofika saa tisa, fomu zilikuwa hazijafika hata robo. Nilibadilisha waya, nikaanza upya. Nikang'oa simu ya chumbani kwa Baba, akafoka kwamba anasubiri kupigiwa kutoka Magu. Nikaisogeza modemu mbali na friji. Nikawaomba wateja wawili wasubiri, wakanuna na kuondoka. Bado zikawa zinatambaa. Jasho lilinitoka, dada, nakuapia. Saa kumi na dakika hamsini radi ikapiga, laini ikakatika, na iliporudi saa kumi na mbili chuo kilikuwa kimeshafunga. Hayo ndiyo Baba aliyokueleza, na yote ni kweli.

Kuna jambo sikumwambia. Alhamisi nilicheza na Bilali, yule jamaa wa Kariakoo anayenitambia kila wiki. Askari wangu alikuwa anaganda katikati ya mapigano, Bilali anamuua bure. Kwa hasira nikaugeuza mpangilio: mchezo wangu utangulie, barua zifuate. Ijumaa sikuurudisha. Na mchana ule wote, huku nikihangaika na waya, mchezo ulikuwa wazi kwenye mashine ya pili, nami nikiucheza kila nilipokaa kusubiri.

Laiti ingekuwa kusahau tu. Saa kumi na nusu nilikumbuka. Zilikuwa zimebaki kurasa mbili za vyeti. Kuurudisha mpangilio ni kazi ya dakika moja, lakini ingebidi niukate mchezo, na kwa mara ya kwanza nilikuwa naelekea kumshinda Bilali. Nikajiambia nimalizie raundi hii moja. Nilimshinda. Nilikuwa ndiyo kwanza nainuka kwenye kiti radi ilipopiga.

Nimekiandikia chuo nikikiri kwamba kosa ni langu, si lako. Jana wamejibu kwa upole kwamba unaweza kuomba tena mwakani, ila kikomo chao ni miaka thelathini na mitano. Machi unatimiza thelathini na sita. Najionea aibu, dada, aibu ambayo sijawahi kuijua.

Baba nitamwambia leo akitoka misa. Sato wako bado wamo kwenye gazeti ulilowafungia; siwezi kuwala. Jumamosi nitakuja na meli ya asubuhi ili uniseme ana kwa ana.

Wasalimie watoto. Usinipikie.

Mdogo wako,
Masalu