Nywele za Kemunto, na Zako

Mpendwa Babu,

Ningekuuliza hali, lakini jibu lako nalijua: "Kichwa kizima, magoti ndiyo yameniasi." Basi acha mimi nikupe hali. Mimi ni mzima. Itumbe mvua imenyesha wiki nzima, majani ya chai yameshonana mpaka wachumaji wanalalamikia migongo, na ule mparachichi wako umezaa bila adabu, kama ulivyosema utafanya ukishaondoka. Bibi analalamika kwamba nyumba imekuwa kimya mno. Hajamaliza kulalamika, anasema afadhali, siku hizi akiweka sukari anaikuta.

Nakuandikia kutoka kwenye kile kiofisi changu hospitalini, huku mbali na nyumbani, mahali ulipokuja mara moja ukasema ni kidogo kuliko zizi lako la mbuzi. Leo ilikuwa siku ya kliniki. Mama Kemunto wa Manga amekuja na binti yake, na kabla hajaketi amefungua mkoba, akatoa kitambaa kilichofungwa fundo, akakiweka kwenye kiganja changu. "Daktari," akasema, "chukua vitu vyako. Mtoto ameingia darasa la pili. Mimi sina haja navyo tena."

Nimelia, Babu. Mbele ya wanafunzi wangu wanne, mimi ambaye wananiita Simba nikigeuza mgongo.

Wewe unakijua kilichokuwa ndani ya kitambaa kile. Ulikuwepo. Lakini kuna jambo moja hulijui, na leo nataka nilitoe kifuani.

Unakumbuka ulivyokuwa ukiwasalimu watu? Wengine wanashikana mikono, wewe unashika kichwa. Mtoto, mgeni, mchungaji wa kanisa, wote uliwapapasa utosi kwanza. Mchungaji alipotea miezi miwili siku ulipomwambia kichwa chake kina tuta kama kiazi. Mimi ulinipapasa kila jioni nikitoka shule, ukiniita mke mdogo, na Bibi akijibu kutoka jikoni kwamba huyo mke mdogo basi aje aoshe sufuria. Nilikuwa nikikaa miguuni pako ukinisimulia kazi yako ya zamani, kabla sijazaliwa, ulipokuwa omobari, mpasuaji wa vichwa. Mtu akiangukiwa na tawi au akipigwa rungu, kichwa kikamuuma mwaka mzima, aliletwa kwako. Ulimnyoa kwa mkono wako mwenyewe, ukakwangua mfupa pole pole, ukamrudishia ngozi yake. Wengi walipona. Mmoja alikufia mkononi, na hukunificha. Ulinitajia jina lake na jina la mama yake.

Sasa sikiliza nililolificha. Mwaka wangu wa tatu chuoni, mwalimu alituonyesha picha za vichwa vilivyopasuliwa kienyeji, akasema, "Hawa ni Wakisii, mpaka juzi juzi walikuwa wanafanya hivi." Darasa likaangua kicheko. Mwenzangu mmoja akanigeukia, "Si wewe ni Mkisii? Kwenu hakuna mmoja?" Nikasema hakuna. Nikasema sisi ni watu wa chai tu. Nikacheka pamoja nao, tena kwa sauti. Likizo ile nilipofika nyumbani ukaweka mkono kichwani kwangu ukaniuliza, "Wanakufundisha vizuri?" Nikajibu ndiyo, Babu. Uso wangu ulikuwa unawaka moto.

Sijui kama aibu ile ndiyo iliyoniharibia kumbukumbu, lakini miaka ilivyokwenda nilijigeuza daktari asiye na kwao. Ndiyo maana nikafanya lile kosa la Kemunto. Daktari wa kutoka pwani angesamehewa. Lakini mimi, niliyelelewa na Bibi, aliyetukusanyia kila unywele baada ya kunyolewa akaufukia nyuma ya nyumba, asije mtu mwenye nia mbaya akauokota akaufanyia mambo!

Kemunto alikuwa na miezi saba. Maji yalikuwa yamemjaa kichwani, kichwa kimevimba, macho yameanza kutazama chini. Dawa yake ni mpira mwembamba unaopitishwa chini ya ngozi kutoka kichwani mpaka tumboni, maji yakapate njia. Tulimwandaa siku moja kabla. Alinyolewa wodini wakati mama yake amekwenda kufua nepi. Muuguzi akaniuliza nywele tuziweke wapi, nami bila hata kuinua macho kwenye faili nikasema, fagia. Mama akarudi, akakuta kichwa cheupe. "Nywele za mtoto ziko wapi?" Nikamwambia zimefagiliwa, mama, usijali, zitaota zingine. Nilitabasamu nikisema hivyo. Alinitazama, kisha akamtazama yule mwanamke wa kitanda cha pili kana kwamba ndiye aliyezichukua.

Asubuhi kitanda kilikuwa kitupu. Simu yake imezimwa. Faili inasema Manga, basi.

Nikakupigia wewe. Sikukupigia kwa sababu ya hekima, Babu, tusidanganyane. Nilikupigia kwa sababu ulimjua kila mtu kutoka Itumbe mpaka Manga na hukuwa na kazi. Nikakueleza kwamba kila siku inayopita maji yanamla mtoto macho, na yakizidi yatamuua. Nikakutajia jina la baba ya mtoto. Ukasema, "Nyumba hiyo naijua. Kuna kichwa changu pale."

Jumamosi tukashuka pamoja soko la Daraja Mbili, wewe na koti lako la harusi. Nikakuambia nisubiri hapa kwa wauza ndizi, nakuja. Nikajipenyeza katikati ya mitumba mpaka kwenye kibanda cha kinyozi, nikamwomba nywele za mtoto, hata kiganja kimoja tu. Niliamini nimepata akili. Nitazifunga kwenye karatasi, nitampa mama, nitamwambia tulizihifadhi, mtoto atarudi, mambo yaishe. Kinyozi alikuwa ameshainama kuzoa nilipokusikia nyuma yangu.

"Unatafuta nini kwa kinyozi, wewe uliyesuka?"

Nikakueleza. Nikakuambia ni uongo mdogo wa kuokoa mtoto. Hukufoka. Ingekuwa afadhali ungefoka.

"Mimi nimekata watu," ukasema, "na nimekosea watu. Lakini hakuna hata mmoja niliyemdanganya kabla ya kumkata. Ukitaka kudanganya, panda gari urudi ulikotoka. Mimi nitanunua ndizi niende nyumbani."

Kisha kweli ukageuka ukaanza kuulizia bei ya ndizi! Nikakushika koti nikakuomba msamaha mbele ya soko zima. Ukapata kuombwa msamaha, ukapata na mkungu wa ndizi, maana hukukubali kwenda kwa watu mikono mitupu.

Lo, ile bodaboda ya kupanda Manga! Kijana mbele, wewe katikati umekumbatia ndizi, mimi nyuma nusu nimekaa nusu naning'inia, nawe unampapasa dereva kisogo huku tunapanda, ukimwambia kichwa chake ni kizuri asikivunje bure. Njia ilipokuwa nyembamba tukashuka tukatembea. Ulipumzika mara nne, na kila mara ulidai unatazama mashamba.

Mama Kemunto alikuwa mlangoni, mtoto mgongoni amefunikwa shuka mpaka kichwani. Hakutukaribisha. Wewe na mimi tunajua mlango wa Mkisii kutokaribisha mgeni ni kitu gani. Bibi yake Kemunto, mama wa baba yake, ndiye aliyetokea nyuma ya nyumba na jembe, akasimama, akakutazama sana.

"Kichwa changu kinaendeleaje?" ukamuuliza.

Bibi yule akaangua kicheko, mkono juu ya kilemba. "Kipo! Kinakula ugali!" Akakifungua kilemba, akakuinamia, nawe ukapitisha kidole kwenye lile bonde ulilomkwangua zamani nyuma ya sikio, taratibu, kama mtu anayepima mshono wake kama umeshika. Mimi nilisimama pale na shahada zangu zote nikiwatazama. Nilitamani wale niliocheka nao darasani wangekuwepo. Halafu nikashukuru hawapo, maana mtu wa kwanza wa kuonewa aibu ningekuwa mimi.

Tukapewa viti. Ukanikanyaga mguu, nikajua zamu yangu imefika.

"Mama Kemunto," nikasema, "nywele za mtoto zilichomwa pamoja na takataka. Mimi ndiye niliyesema zifagiliwe. Mimi ni mtu wa huku, nilijua, na bado nikafanya. Nimekukosea."

"Na nitajuaje zilichomwa?" Sauti yake ilikuwa ya chini. "Nitajuaje hakuna mtu alichukua? Daktari, mimi nimezika mtoto mmoja. Huyu siwezi kuachia watu mikono yao sijui imeshika nini."

Nikakutazama wewe unisaidie. Ukawa unamenya ndizi.

Sikupanga nilichofanya, na wewe unajua hukunifundisha. Palikuwa na wembe juu ya dirisha. Nikauchukua, nikashika msuko mmoja hapa mbele, penye paji la uso, nikaukata kwenye shina. Nikaukunja nikauweka mkononi mwake. "Hizi ni zangu. Kaa nazo. Mtoto wako akipatwa na baya kupitia nywele, na mimi unazo zangu. Nitakurudishia mtoto, nawe utanirudishia nywele."

Wewe ndizi uliiacha mdomoni. Mimi mwenyewe, niliyesomea mishipa ya fahamu, nilihisi baridi mgongoni nikiuona msuko wangu kwenye mkono wa mtu mwingine. Mambo ya Bibi hayatoki kwa kusoma, Babu. Bibi yake Kemunto ndiye aliyeamua. Akamwambia mkwe wake, "Mfungie mtoto shuka nzito. Njiani kuna baridi."

Tulipokuwa tunashuka ukanitazama paji la uso ukasema, "Mke mdogo, sasa umekuwa mbaya. Mahari nitaidai nirudishiwe." Ukacheka mpaka ukakohoa.

Jumatatu nilimwosha Kemunto kichwa mwenyewe, nikamnyoa mwenyewe vile vishina vilivyokuwa vimeanza kuota, nikavifunga kwenye leso nikampa mama yake mkononi, akavibusu. Nikaingia naye chumba cha upasuaji. Maji yalitoka safi, meupe kama ya chemchemi, na utosi wake uliokuwa umekaza ukalegea chini ya kidole changu. Nilikupigia nikiwa bado na kofia ya thieta. Hukuuliza habari za mpira wala maji. Uliuliza, "Nani amemnyoa?" Nikasema mimi. Ukasema, "Mbuya mono." Vizuri sana, basi. Simu ukakata, maana uliamini maneno yakizidi yanakula betri.

Tangu siku ile hakuna mtoto anayeingia kwangu bila mimi kumnyoa, na nywele zake zikaenda mkononi mwa mama. Wenzangu walinicheka kwanza. Sasa wauguzi wenyewe wananiwekea vikaratasi tayari. Si wote wanapona, Babu. Mwaka ule alipokufa kile kitoto kilichozaliwa na mgongo wazi nilikupigia nikiwa siwezi hata kuongea, nawe hukunipa methali. Uliniuliza, "Umekula?" Nikasema hapana. Ukasema, "Kula, halafu umtaje jina lake kesho kabla hujamshika mwingine." Nafanya hivyo mpaka leo.

Sasa nirudi kwa leo. Mama Kemunto alipoondoka, binti yake akirukaruka mbele na alama ndogo ya mshono nyuma ya sikio, wanafunzi wangu walikuwa wameduwaa. Mmoja akauliza, "Daktari, desturi hii ya kunyoa na kurudisha nywele umeisoma wapi?"

Nikawaambia. "Babu yangu alikuwa omobari. Alipasua vichwa Gusii nzima, kwa mkono wake. Yeye ndiye mwalimu wangu wa kwanza." Nikawasimulia yote, hata yule aliyekufa, hata kinyozi wa Daraja Mbili. Mmoja akaguna kicheko kile kile ninachokijua, cha darasani. Nikamwacha acheke amalize. Halafu nikamwekea wembe mkononi nikamwambia, "Kesho saa mbili kuna mtoto wa kupasuliwa. Utamnyoa wewe. Na nywele utampelekea mama yake wewe, na umtazame machoni." Akaacha kucheka, maskini. Simba ni Simba.

Basi, nimelitoa. Nilikukana mara moja, Babu, mbele ya watu sitini, na leo nimekutaja mbele ya wanne. Hesabu bado haijakaa sawa, lakini nina wanafunzi wapya kila mwaka.

Wacha nikuache upumzike. Bibi anakusalimu, na anasema usimngoje, ana kazi shambani. Mimi nina furaha, nataka ujue hivyo. Nachoka, nakasirika, nakunywa chai nyingi mno, lakini nikiosha mikono asubuhi sina mahali pengine ningependa kuwa.

Jambo la mwisho. Zile siku zako za mwisho, ulipokataa Bibi asikunyoe kwa sababu anakwaruza, ukaningoja mimi nitoke kazini nije mpaka Itumbe, nilikunyoa pale kwenye kiti chako, jua likituwaka mgongoni. Ukasinzia mikononi mwangu. Bibi alinipa jembe nikazifukie zile mvi nyuma ya nyumba. Nikazunguka nyuma, nikachimba, nikafukia shimo tupu. Ziko hapa kwenye droo yangu, ndani ya leso, chini ya glavu.

Zangu nimerudishiwa leo. Zako simrudishii mtu.

Mjukuu wako,
yule mke mdogo, nywele zake zimeshaota tena pale penye paji la uso