Franga Yenye Kuzaa

Siku ya posho, 31 mai 1952
Mushahara. Sikupita ku bar. Posta kwanza, bukari ya kula nyuma. Ni vile tangu nilikuwa kijana wa kubeba mbao ku kompanyi. Bengine banatia franga mu kitemo, kila mutu anakula zamu yake, inaisha. Yangu inalala ku posta, inazaa. Mwaka ya pili, mama na mutoto bote banazaa. Lazaro, jirani, alianza juzi. Anatia mingi kunipita. Hatanifikia! Mimi nilianza na meno yote mu kinywa.
Masomo hapana. Akili, niko nayo. Mu kampi yote ya kompanyi hakuna kama mimi.

Siku ya yenga, 8 juin
Nyuma ya misa, yaya Kapenda alikuja na maneno. "Franga inazaa bila bwana? Weye, unaikulisha nani?" Anasema batoto yangu babili benye kufa, njo mimi nilibatoa kwa ile franga. Bulozi, uchawi. Yaya yangu, wa mama moja! Nilimufukuza na fimbo.

Kazi tatu, 18 juin
Jamaa yote ilikaa. Banasema nitoshe franga yote ku posta, bagawanye, ama mimi hapana ndugu tena. Nilikatala. Kontra yangu ya kazi inaisha mwaka huu. Kompanyi itakamata nyumba ya kampi. Kama sijenge mu cité, inje ya kampi, ni kurudia mu muji ya pori, kule nilitoka mutoto. Sirudie. Banilaani kama banataka.
Lakini Agnesi, bibi yangu, alisikia maneno ya yaya yenga ile. Leo aliuliza: "Yosefu, bwana yangu, ni kweli?" Yeye, mama yabo. Ile iliniuma kupita laana ya bote.

Kazi moja, 30 juin
Nilienda na Agnesi ku posta. Karani, kijana wa Kasai, alimusomea kitabu yangu ya franga, mwaka kwa mwaka.
"Na mwaka ile batoto balikufa," Agnesi aliuliza, "ilizaa mingi?"
"Hapana, mama. Kiloko tu kupita mwaka ya mbele."
"Na yenye kufuata?"
"Kiloko tena. Kila mwaka ni vile. Franga haijue kama mutu anakufa."
Agnesi alifungua fundo ya kitambaa yake, akatosha franga ya mboga. "Mutie na hii."
Nilitaka kucheka, nikalia. Mbele ya karani. Haizuru.

Siku ya yenga, 9 novembre
Nyumba iko. Matofali yangu, bati yangu. Yaya hakukuja kuiona. Hata mutu moja wa kwetu. Agnesi alikuwa amepika bukari ya bantu bengi. Tulikula babili.
Sijute. Lakini niliangalia njia.
Sasa mvua inapiga bati. Agnesi analala. Ndani iko kukavu.