Dole Gumba la Len

Jumatatu, 5 Novemba 1973
Goti limeamka na mvua. Chai, mkate, sigara moja. Bi Doris kaja na mfuko. Huyu ni mjane wa Len, nyapara wetu pale karakana ya shaba. Macho yake yamekwisha, anatembea kwa kushika ukuta. Kaniletea sanamu yao, mwanamke wa shaba, kimo shubiri moja na nusu, mweusi kama tako la sufuria. Len alimwokoa kwenye vyuma chakavu vya kuyeyushwa, wakati wa vita. Mtu wa makumbusho aliwaambia ni mungu wa kike wa Warumi wa kale, Diana wa kuwinda, kazi ya Italia, miaka mia nne. Mguu unacheza kwenye kibao chake. Kaza tu, Sam, kaniambia. Mimi jina langu Salim, halijapata kuwakaa Waingereza hawa mdomoni.
Sanamu ndani ya nyumba, malaika hawaingii. Lakini kwa Len nitavumilia. Ndiye aliyenifundisha kazi nilipoteremka melini.

Jumanne, 6 Novemba
Mguu nimeukaza kwa robo saa. Ikabaki siku nzima. Kwetu karakanani kitu hakitoki mlangoni kikiwa cheusi. Ni aibu. Na mimi nimeng'arisha vitasa vya mabwana wakubwa, hakuna mkono kama huu Birmingham nzima, waulize. Basi nikachukua msasa, kisha dawa ya kung'arishia, kisha kitambaa. Mpaka magharibi. Katoka kama bibi harusi.

Alhamisi, 8 Novemba
Karsan kaja. Sonara wa Kisumu, sasa ana kiduka Balsall Heath. Alipomwona Diana kaweka kikombe chini. "Mzee Salim, umefanya nini? Umemchuna ngozi huyu!" Anasema ule weusi ndio uliokuwa mali, miaka mia nne ya moshi na mikono ya watu. Nikamwambia rudi kwenye vipini vyako vya pua.
"Haya, mzee. Na mwenyewe akijua?"
"Mwenyewe haoni."
Kanitazama. Kaondoka, chai hajamaliza.

Ijumaa, 9 Novemba
Nimetoka msikitini. Jua kidogo dirishani. Nikainama nijione kwenye tumbo la Diana. Nyuma ya bega langu kasimama Len, na aproni yake. Nikageuka. Koti langu tu, limetundikwa. Lakini koti halina masharubu. Siogopi. Diana nimemgeuzia ukutani.

Jumapili, 11 Novemba
Asubuhi nimemkuta ananitazama. Najua, mabasi yanatikisa hizi nyumba za Lozells. Najua. Nikamgeuza. Adhuhuri kanigeukia tena.
Len alikuwa akikaa naye kila jioni, Bi Doris aliwahi kunihadithia. Redio inasema, yeye dole gumba linamsugua Diana mgongoni. Miaka yote ile. Ule weusi ulikuwa na Len ndani yake.
Nimemfuta mtu.

Jumatatu, 12 Novemba
Nimemfukiza kwa jiko la mafuta ya taa. Kawa mweusi. Nikamgusa, masizi yakatoka na kidole. Nimemwosha. Machozi yamenitoka kidogo, sababu ya moshi.

Jumatano, 14 Novemba
Nimemrudisha. Bi Doris kampapasa uso, kampapasa mkono, kisha kamweka mezani kama kitu cha moto. "Huyu si wangu, Sam. Wangu yuko wapi?"
Nikasema ndiye.
"Len alikuwa akisema, wote wataniibia ila Sam."
Nikachukua kofia.

Alhamisi, 15 Novemba
Mwizi au mharibifu. Mchana kutwa nimewaza bora mwizi. Mwizi mikono yake bado mizuri. Upumbavu gani huu, mzee mzima. Chai imenishinda. Kwenye kijiko alikuwamo Len.

Ijumaa, 16 Novemba
Nimekwenda. Nikasema nikiwa nimesimama. Ni yule yule. Nimemharibu mimi, kwa mikono hii, nilitaka sifa. Sijapata kumwambia mtu maneno kama hayo.
Birika likapiga filimbi, Bi Doris hakuliondoa. Kisha kamchukua Diana, kamtafuta mgongo, polepole. Kanishika dole gumba, kaliweka pale. Kishimo. Kidogo, lakini kipo. Msasa haukukimaliza.
"Hapo," kasema. "Mjinga we."
Chai hakunipa. Ila kasema njoo kesho.

Jumapili, 2 Desemba
Kila siku saa kumi jioni nakwenda. Tunapokezana kumshika Diana, nusu saa yeye, nusu saa mimi, redio inasema. Bila kitambaa. Kazi ngumu hii. Mikono yangu haijui kushika shaba ikatulia.
Mgongo umeanza kushika rangi ya chai hafifu. Karsan anasema itachukua miaka. Mimi nina sabini na moja, Bi Doris kanizidi.
Leo nimeinama nikatazama tumboni. Uso wangu, tena kwa ukungu. Len hayumo. Nimegeuka nyuma kumtafuta.