Duara la Mafuta la Bwana Hallam

Jumapili, 2 Februari 2025
Karatasi 104 leo. Jumla 1,146 — na nimezihesabu mimi, maana Bradley huandika "takriban elfu moja." Takriban! Digrii tatu, na hawezi kuhesabu hadi mwisho.

Zote za mtu mmoja, Edmund Hallam, mwenye hoteli Liverpool miaka ya 1870. Si hoteli ya kulala, ya kula. Babake tajiri wetu mwenye jengo, Madam Noora, alizinunua mnadani, na sasa binti anamfanyia huyo Hallam maonyesho hapa Doha. Yanafunguliwa tarehe 16. Bradley, msimamizi wetu, amezigawa: masanduku mekundu BIASHARA, ya kijani BINAFSI. Wacha nicheke. Mwenye hoteli ana binafsi gani? Barua ya kumlalamikia dada yake iko nyuma ya oda ya siagi. Utaiweka wapi?

Bradley amesema kazi yangu ni kuskani, si kusoma. Sawa, bosi. Kesho macho nitayaacha chumbani kwangu Al Mansoura.

Jumatatu, 3 Februari
Ndirangu, fundi wetu wa kutundika fremu, amenionyesha bango la shukrani. Majina tisa! Aliyechapa, aliyetengeneza fremu, aliyeleta kahawa. Rael hayuko. Nimeuliza. Bradley anasema nafasi ilikuwa finyu. Jina langu herufi nne!

Nimemeza. Mkataba unaisha tarehe 28 na fomu ya kuongezwa iko mezani kwake, haina sahihi.

Jumatano, 5 Februari
Bango kubwa linasema Hallam ndiye aliyebuni pai ya kondoo yenye bizari iliyompa jina mji mzima. Haya. Risiti za bucha: kondoo 14 kila wiki. Halafu wiki sita za 1874 — 3, 2, 3, 2, 2, 3. Kumi na tano, mahali pa 84. Kisha 14 tena, kama hakuna kitu. Bradley ameandika pembeni: "pengine ugonjwa wa mifugo."

Nikafungua sanduku la kijani, wiki zilezile. Hallam anamwandikia dada yake: mpishi wangu Hannah amekwenda kwao kumzika mama, nami nimebaki na unga tu.

Kumbe! Mvumbuzi gani hawezi kupika alichovumbua? Mimi nilipolazwa na taifodi kule Kapsabet, kibanda changu cha mandazi kiliuza chai tupu wiki mbili. Hakuna aliyesema ni ugonjwa wa ngano.

Alhamisi, 6 Februari
Bradley ameleta vipande vitatu vya karatasi nifute "uchafu" kwenye kompyuta. Uchafu wenyewe ni mafuta. Na kila kipande kina doa kwenye kona moja tu, limepinda kama kipande cha chapati.

Nimefunga mandazi kwa karatasi miaka kumi na mmoja. Hata kusoma nilijifunzia kwenye karatasi za mandazi za mama. Najua mafuta yanavyotembea. Nikaviweka kona kwa kona — duara! Limekosa robo moja.

Ni karatasi moja. Pai ililala katikati yake, halafu baadaye mtu akakata karatasi vinne apate mahali pa kuandikia. Upande mmoja ni oda ya samaki, hesabu ya makaa, barua ya dada — ndiyo maana viwili vilikuwa kwenye nyekundu na kimoja kwenye kijani. Upande wa pili Bradley aliuita "maneno yaliyokatika." Yakikutana hayajakatika: makubaliano kati ya Hallam na Hannah Pryce, mpishi, ambaye pai ni yake. Nusu ya faida iwe yake, na jina lake liandikwe mlangoni.

Robo ya chini kulia, penye sahihi, haipo.

Uchafu sijafuta.

Ijumaa, 7 Februari
Baada ya ibada nimefanya jaribio. Andazi moja la moto katikati ya karatasi, saa nzima, halafu mkasi. Robo nne, kila moja na kona yake ya mafuta. Sawasawa kabisa! Nimegeuka kumwonyesha Scovia, Mganda mwenzangu wa chumba. Anatafuna.

"Ulikula ushahidi?"

"Banange, Rael, ushahidi ulikuwa unapoa!"

Anasema niwaache wazungu na marehemu wao, nisije nikarudishwa Kenya kwa sababu ya pai. Yeye ni askari wa mlangoni, kazi yake ni kuona hatari mapema. Nimemsikia. Bado doa liko palepale.

Jumapili, 9 Februari
Nimemwambia Bradley. Yote, na zile wiki sita. Akasikiliza dakika nne. Akasema mimi ni mpishi mzuri, lakini bila sahihi hiyo ni rasimu tu, na pengine Hallam alikataa. Kisha akanionyesha mashine kwa kidole. Kidole!

Lakini hakukosea kuhusu sahihi. Hicho ndicho kinachoniuma. Nimerudia karatasi zote 1,146. Robo ya nne haimo.

Jumanne, 11 Februari
Siku ya Michezo. Ofisi zote zimefungwa, Doha nzima imevaa viatu vya kukimbia. Mimi na Scovia tumetembea hatua 9,300, ambazo yeye alitaka zihesabiwe elfu kumi. Tumekaa tunywe karak, chai ya hapa ya maziwa. Akafungua simu aone tangazo la maonyesho yangu — "yangu," anasema yeye. Picha kubwa: resipe ya pai kwa mkono wa Hallam mwenyewe, kito cha maonyesho.

Scovia akaikuza kwa vidole.

"Nyabo, hili si lile doa lenu?"

Kwenye kona moja tu. Limepinda.

Chai ilinimwagikia. Hiyo karatasi sijawahi kuiskani. Bradley aliipeleka kwa mtu wa fremu kabla sijaajiriwa! Sahihi iko nyuma yake, imegeuzwa ukutani.

Jumatano, 12 Februari
Nimemfuata Ndirangu.

"Auntie, hiyo fremu ina skrubu nane na kengele. Usinitafutie maneno."

"Sijasema uifungue."

"Macho yako yamesema."

Nikamwambia habari za Hannah, jina mlangoni. Halafu akasema na yeye ametundika fremu 212 kwenye jengo hili, na kwenye lile bango hayupo pia. Mimi nilikuwa sijaona! Nilihesabu jina langu tu.

Alhamisi, 13 Februari
Saa nne asubuhi. Naandika nimekaa kwenye kiti cha nje ya ukumbi.

Bradley aliniita saa mbili. Fomu yangu mezani, kalamu juu yake. Akauliza kama yale madoa nimeshayafuta, ili amalize karatasi zangu zote leo. Alisema kwa upole. Mtu mpole anatisha zaidi.

Nikasema hapana. Nikasema sifuti.

Kalamu akairudisha mfukoni.

Ningeenda nyumbani nikalie, lakini kwenye korido nikakutana na Madam Noora anakuja kukagua ukumbi. Sikupanga. Nikampa salamu, nikaweka kopi za vile vipande vitatu kwenye meza ya walinzi, kona kwa kona, na mahali pa nne nikaweka simu yenye picha ya tangazo. Duara likakamilika. Yeye akagusa doa kwa kidole, polepole, akalizunguka lote.

Akauliza huyu mpishi ni nani. Nikamwambia: Hannah Pryce, wiki sita, kondoo sitini na tisa ambao hawakuchinjwa. Akaniuliza na mimi ni nani.

Miezi saba niko kwenye jengo lake. Nikamwambia.

Sasa wako ndani, yeye na Bradley, mbele ya fremu. Mlango haukufungwa vizuri. Bradley anasema ufunguzi ni Jumapili, karatasi ni ya miaka mia na hamsini, nyuma pengine ni tupu. Anasema sana. Madam Noora amesema neno moja tu, na kengele imezimwa.

Bradley anauliza nani ana bisibisi.

Ndirangu amepita hapa dakika kumi zilizopita, hakunisalimu. Ameiacha kwenye kiti, kando yangu.

Nimesimama.