Wote Wamelala

Jumanne, 10 Machi

Leo mizani kumi na nne, mbili mbovu. Mwenye duka la nafaka ameapa, amelalamika, ameniletea na soda baridi. Sikumtazama usoni. Nimetazama mshale. Mshale umesema anapunja, basi nimeifunga mizani yake kwa lakiri nikaondoka, soda nimeiacha pale pale juu ya gunia.

Gari la kuondoka limeharibika. Nimekaa stendi tangu saa saba. Mbele yangu mama mmoja kalala juu ya mzigo wake, mdomo wazi, mkono mmoja umeshika kamba. Mkono ule! Mwenyewe hana habari, lakini kamba haiachii. Nikatoa donge la udongo kwenye mfuko wa nailoni (nililiomba juzi kwa wafyatua matofali), nikaanza. Saa mbili nzima hakujigeuza. Mungu ambariki.

Watu wakajaa mgongoni kwangu. Mmoja akauliza nimesomea wapi kufinyanga watu. Nikamwambia papa hapa, stendi. Akadhani namtania. Miaka kumi na sita ya kukagua mizani, mji hadi mji, na walimu wangu ni abiria waliochoka. Nimtanie ya nini?

Alhamisi, 12 Machi

Nimeziba sinki ya gesti. Mhudumu kaja na waya wa kuzibulia, akavuta, akatoa udongo kama mkate mzima. Akanitazama. "Mama, wewe unaoga au unafyatua matofali?"

Nimeomba radhi, nimeshika ndoo, tumesafisha pamoja. Aibu tupu. Mkaguzi wa serikali, miaka arobaini na miwili, nimepiga magoti chini ya sinki! Lakini ukweli niuandike: nilikuwa na furaha. Yule mama wa stendi alikuwa dirishani anakauka, mkono wake umetoka sawasawa, na mimi nilikuwa na furaha ambayo sijaipata kazini tangu sijui lini.

Nimeandika barua. Likizo bila malipo, miezi mitatu. Mbili nimezichana. Ya tatu nimeitia kwenye bahasha na kuilamba haraka kabla sijabadili mawazo.

Jumatano, 1 Aprili

Nimepewa! Mkuu wetu — ofisini tunamwita Gramu, maana hata sukari ya chai anaisawazisha kwa kisu — amesaini bila kuinua macho. Kawaida yake. Amesema nafasi yangu inanisubiri hadi Ijumaa ya tarehe ishirini na sita Juni. Siku hiyo, kabla ya saa kumi jioni, awe na maandishi yangu kwamba narudi. Saa kumi ikipita, anaitangaza.

Nikauliza, saa kumi kamili? Akasema kwani kuna saa kumi nyingine.

Jumamosi, 11 Aprili

Nina karakana! Ni ile stoo ya nyuma. Mama mkwe amekubali kuhamisha mkaa wake, kwa masharti marefu kama mkataba wa ndoa. Sasa anatafuta vijiko vyake vya chai na mimi najifanya sijui viko wapi. Vinachimba vizuri sana.

Nilianza na mzee aliyelala kwenye kiti, wa ukubwa wa mtu kweli. Nilimjenga siku nne. Asubuhi hii nimemkuta yuko sakafuni, kichwa kimeingia tumboni. Nilitaka kulia. Mume wangu akasimama mlangoni na miwani yake ya kuchomelea kichwani, akacheka hadi akashika ukuta. Mtaani wanamwita Cheche, na si kwa ajili ya kazi tu, mdomo wake nao unaunguza. "Mke wangu, hata wewe una mifupa."

Akaenda zake. Jioni karudi na kiunzi cha nondo, mgongo, mabega, mapaja, vyote amevipinda na kuviunga kwa vipimo vya kiti.  Kakiweka, kaenda kuoga. Nampenda, basi.

Jumatatu, 27 Aprili

Msiba mwingine. Mwenye tanuri la matofali alikubali kuniwekea kichwa kimoja katikati ya matofali yake. Leo tumefungua. Vipande! Matofali ishirini hivi yamepasuka pamoja nacho, na mwenyewe kakasirika kwa haki.

"Ndani ulitia nini?"

Udongo.

"Wote? Mzima mzima?"

Kumbe kichwa hukatwa, huchimbwa ndani kama chungu, unene wa kidole, halafu huunganishwa tena. Kumbe hukaushwa wiki nzima. Kila mfinyanzi wa vyungu analijua hilo tangu utotoni. Mimi nimelijua leo, tena mbele za watu. Nimelia kidogo njiani. Kisha nikarudi kumuuliza tena ule unene, kidole kipi? Akacheka mwenyewe. Cha shahada, akasema.

Jumanne, 12 Mei

Sita! Vichwa vitano na yule mama wa mzigo, vimetoka motoni salama, vyekundu, ukivigonga vinalia. Nimevipanga kwenye rafu. Nimekaa chini kuvitazama. Sikufanya kazi nyingine mchana kutwa, na sijuti.

Mama mkwe kaingia kutafuta kijiko. Kasimama. Kavitazama kimoja kimoja, halafu kanishika bega. "Pole, mwanangu."

Pole ya nini, Mama?

"Si hawa. Wamekufa lini?"

Nimechemka! Nimemwambia hawajafa, wamelala, tofauti hata mtoto anaiona. Akasema sawa, wamelala. Wote? Hakuna hata mmoja aliyeamka kwenda haja?

Katoka na kijiko chake. Nimekasirika hadi sasa. Nakasirika kwa sababu nimehesabu, na ni kweli. Wote macho yamefumba.

Jumanne, 19 Mei

Cheche alikwenda kutengeneza geti la hospitali ya wazazi, na badala ya kuchomelea akawa anajisifia mke. Matokeo yake mkunga mkuu kaja leo na sare yake, anatembea haraka, mikono imepauka kwa kunawa. Uani kwao panajengwa bustani. Anataka sanamu sita. Ya kwanza, mama anamtazama mtoto wake aliyezaliwa sasa hivi. Kazi ya mwaka na zaidi!

Amevipenda vichwa vyangu. Amevigusa. Kisha akasema jambo lile lile, kwa upole tu. "Waliolala ninao wodi nzima. Kazi yangu ni kuwaamsha." Nimuonyeshe uso mmoja ulio macho, ulio hai, kabla Juni haijaisha. Nikiuweza, kazi ni yangu. Nisipouweza, haoni ubaya, atatafuta mwingine.

Nimemwambia hakuna shida. Shida ipo! 

Jumatano, 3 Juni

Jicho la kwanza: mtu kaona nyoka. La pili: mtu kameza kitu. Jana nimetia gololi za udongo, Cheche akapita akasema huyo anadaiwa.

Leo nimemkalisha yeye mwenyewe. Paji, sawa. Pua, sawa. Masikio, sawa kabisa. Nikifika machoni, mikono inakimbilia kwenye shavu. Mara tatu, nne. Akaona. "Miaka kumi na minane, mke wangu, na bado unanionea haya?"

Tulicheka. Kisha nikaacha kucheka, kwa sababu nimejua. Wiki yangu ya kwanza kazini, Gramu alitupanga mstari akasema: usimtazame mtu, tazama mshale, uso unaomba, mshale hauombi. Nikashika. Nilikuwa mwanafunzi mzuri kuliko wote! Miaka kumi na sita watu wameongea nami na mimi nimewatazama vidoleni. Ndiyo maana ya stendi. Waliolala tu ndio niliowatazama kwa raha, hawaombi kitu.

Imeniuma. Si kidogo. Ni watu wangapi wamesimama mbele yangu?

Jumatano, 10 Juni

Nimeharibu nyuso tatu. Nafikiria kurudi. Kuna mshahara, kuna begi langu la mawe ya mizani, kuna gesti zenye sinki. Cheche anasema nisiamue nikiwa na njaa. Nimekula. Bado nafikiria.

Jumatano, 17 Juni

Gramu kaja nyumbani! Tai, faili kwapani, viatu vinang'aa kwenye vumbi la uani kwetu. Mama mkwe kampa kiti na chai, naye akasawazisha kijiko cha sukari kwa ukingo wa kisahani. Niliuma midomo nisicheke.

Alikuja kunirudisha. Njia ya milimani hakuna mwingine anayeiweza, vijana wanarubuniwa kwa soda. Alisema yote hayo akitazama kikombe. Halafu akaiona rafu kupitia mlango. Akainuka, akaenda, mikono nyuma, akakagua kichwa baada ya kichwa. Kwa yule mama wa mzigo akasimama sana. "Bega la kushoto limezidi. Kidogo." Na limezidi kweli! Hakuna aliyewahi kuliona.

Sijui nilipata wapi ujasiri. Nikamwambia, Mkuu, kaa hapo. Akakaa. Akatazama ukuta, nami nikamtazama yeye, kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Ana macho ya kahawia. Moja dogo kuliko lenzake. Chini yake pana mikunjo ya mtu aliyekuwa akicheka sana zamani, sijui ni lini.

Nikamjenga uso wa udongo harakaharaka, nikachoma tundu kwa mpini wa kijiko, nipate tu alama ya mboni itakapokaa. Nikarudi nyuma hatua mbili. Likanitazama! Tundu tupu, lenye kivuli ndani, na kipunje cha udongo kimebaki ukingoni juu kikishika mwanga. Kumbe mboni haijengwi. Inachimbwa! Nilipiga kelele, Mama mkwe akaja mbio na mwiko.

Jumatatu, 22 Juni

Karudi. Eti kuangalia kama nimefikiria. Kakaa mwenyewe kabla sijamwambia, tena vile vile, mguu wa kulia mbele.

Tumegombana kuhusu sikio. Anasema lake halijatokeza hivyo. Katoa rula mfukoni — mtu gani anatembea na rula! — kajipima, kapima udongo. Milimita tatu. Nimelirudisha nyuma. Akatikisa kichwa, karidhika, nami nikamfokea asitikise kichwa. Nimemfokea Gramu! Akakaa wima kama mwanafunzi.

Baadaye, bila kuulizwa, akasema hakumbuki mara ya mwisho mtu kumtazama muda mrefu hivi. Nyumbani mke anatazama televisheni. Ofisini wote tunatazama karatasi. "Mimi ndiye niliyewafundisha," akasema.  Nikaendelea na kidevu.

Jumatano, 24 Juni

Jicho la kushoto limekwisha. Ni jicho la mtu. Cheche kaja, kalitazama, kavua miwani. Hakutania.

Mkunga mkuu anakuja Jumamosi. La kulia sijaligusa. Ndilo lile dogo. Nikilichimba kwa kina kile kile, nimemdanganya mwenye jicho.

Ijumaa, 26 Juni

Naandika na udongo mikononi, ukurasa umechafuka, potelea mbali.

Gramu kaja saa nane. Barua kaiandika mwenyewe, kwa mashine, mistari miwili, narudi kazini tarehe mosi Julai, imebaki sahihi yangu tu. Kaiweka mezani, kalamu juu yake. Kutoka hapa hadi ofisini nusu saa kwa gari lake. Akasema tuna wakati. Akakaa.

Nikaanza jicho la kulia. Udongo leo ni mzuri, laini, haushiki kijiko. Tundu fupi kidogo, kope imeshuka kidogo. Nilisahau barua. Naapa niliisahau.

Saa tisa na nusu kamili Mama mkwe kapaza sauti toka jikoni kwamba saa ndiyo hiyo, mgeni asije akachelewa. Gramu akasema amesikia. Hakuinuka.

Nikauliza, Mkuu, na barua?

"Usinisemeshe. Nitatikisika."

  Basi nikarudi kwenye jicho. Baada ya muda nikaona macho yake yamejaa maji, na yeye hapangusi hata tone, ili asiharibu alivyokaa. Yanatiririka hadi kwenye tai. Mimi ndiye niliyeshindwa. Nikaweka kijiko chini, nikasema tupumzike, Mkuu, dakika tano. Akaenda uani kunawa. Namwonea huruma, na nampenda, mzee mgumu huyu, na sikujua hadi wiki hii.

Nimebaki na barua. Saa kumi kasoro dakika nane. Kalamu ninayoandikia hapa ni hiyo hiyo yake. Nikitia sahihi sasa hivi bado yeye ndiye mkuu, anaweza kuipokea hapa hapa. Jicho la kulia limebaki ukingo wa juu, pale pa kuacha kipunje. Nikikiacha kikubwa, atakuwa anashangaa. Nikikikosa, atalala kama wale wengine.

Karudi. Naona toka hapa. Kavua tai, kaitundika kwenye msumari. Kakisogeza kiti mwenyewe, karibu na dirisha. Kakaa, kainuka, kakisogeza tena kidogo. Saa ya mkononi kaivua na kuitia mfukoni.

Ananiita. Anasema niache kuandika, mwanga unahama. Anauliza mguu ulikuwa huu mbele au huu.

Wa kulia, Mkuu. Nakuja.