Mashine Iliyofundishwa Kuamkia

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Ipokee kwa mikono miwili, maana nilipokuwa huko nyumbani nilikuwa nakubania. Natumaini u mzima, na kwamba magoti ya Mama yamepoa. Mimi ni mzima kama chuma, hata mashavu yameanza kuonekana. Baba sikuulizi kama ananiulizia. Tangu niache shule kidato cha pili, shikamoo yangu kwake ni kama jiwe ulilotupa kisimani usisikie hata dubwi. Alisema ataiitikia siku nikiwa mtu, na wewe unajua kwamba hapa duniani hakuna kinachoniuma kama hicho, ingawa nacheka cheka.

Utashangaa mtu anayeshinda katikati ya simu anaandika barua ya nini. Ni kwamba hapa kila neno la simuni linahifadhiwa, na hili nataka ulihifadhi wewe tu.

Kwanza nijisifu, maana nikikungojea wewe unisifu nitaota mvi. Unakijua chumba chetu cha kupokea simu za wateja wa mafriji. Zamani waya zilitambaa sakafuni kama mizizi, na simu ilikuwa moja, ya mezani. Mteja akitaka fundi, mama wa mapokezi anamwambia "subiri kidogo", analaza mkonga mezani, anatoka uani kumtafuta fundi. Huko anakutana na umbea, anausikiliza mpaka mwisho, na mteja huku anasikiliza feni. Ndiyo maana tukamwita Mama Subiri. Wateja wakaanza kutuhama, na bosi akawa anatembea koridoni huku akiongea peke yake.

Ndipo akaletwa binti mmoja, tukambandika jina la Fundi Waya kwa sababu kazi yake ya kwanza ilikuwa kung'oa waya. Alisema tangu sasa sauti zitapita kwenye intaneti. Mimi, kwa elimu yangu kubwa, nikamuuliza kama hazitagongana na picha za watu njiani. Alicheka mpaka akakaa chini. Akanieleza kwamba sauti inakatwa vipande vidogo vidogo, kila kipande kinajua kinakokwenda, kisha vinaungana upande wa pili. Dada, mimi nikiongea sebuleni neno zima wewe unasikia nusu. Mashine inalikatakata na bado linafika zima!

Siku hizi kila mmoja wetu amevaa kisikilizio kichwani kama rubani. Simu zikija nyingi zinajipanga foleni, kisha zinagawiwa kwa aliye huru. Namba ya mteja inatokea kwenye kioo cha kompyuta hata kabla hajakohoa. Fundi akiwa ng'ambo ya mji, kichwa ndani ya friji la mtu, anapokea kwa simu yake ya mkononi kwa namba ile ile ya ofisi. Mama Subiri alipoteguka mguu alipokea wateja akiwa kitandani, na hakuna aliyejua, ila siku jogoo alipowika. Intaneti ikikatika, simu zinahamia zenyewe kwenye simu za mkononi. Uchawi ni upi tena?

Lakini mwanzoni tuliumbuka. Mama Subiri alirekodiwa akiwakaribisha wateja na kuwaambia wabonyeze moja kwa fundi, mbili kwa kununua. Watu wakawa wanakata simu. Bosi akasema mambo yakiendelea hivyo, waya zitarudi. Fundi Waya akakagua mitambo yote, mizima. Mimi nikaomba kusikiliza simu zilizokatwa. Nikamsikia mtu akisema, "Shikamoo mama." Mashine ikamjibu, "Bonyeza moja." Akarudia kwa sauti, "Mama, shikamoo!" Ikamwambia, "Bonyeza mbili." Yule bwana akasema, "Haya, kama salamu zetu zinanuka, baki na mafriji yako!" Kata.

Basi tukaongeza marahaba. Ikawa balaa jipya. Mzee mmoja alipiga, hajafungua hata mdomo, mashine ikamwambia, "Marahaba mwanangu." Alifoka kwamba nani kamwamkia, na kwamba ana wajukuu wenye ndevu. Bosi akashika kichwa. Hapo ndipo ndugu yako nikanyoosha kidole, nikasema mashine ianze yenyewe kuamkia, kwa sababu aliyeamkiwa hana uso wa kukata simu. Mama Subiri akagoma katakata, hawezi kuwaamkia vitoto vya jana. Ikatafutwa sauti ya mtu asiye na heshima ya kupoteza, na chumba kizima kikanigeukia mimi.

Kwa hiyo, Dada, sauti ya kampuni ni yangu. Nasema shikamoo, naacha nafasi watu waitikie, kisha ndiyo naingia kwenye moja na mbili. Wazee wananiombea heri. Watoto wanaitikia kwa sauti nzito halafu wanacheka. Hakuna anayekata. Fundi Waya anasema amefunga mitambo sehemu nyingi, ila ya kwetu ndiyo ya kwanza kufundishwa adabu.

Sasa sikiliza nililokuandikia. Juzi asubuhi ilitokea namba kwenye kioo ninayoijua kuliko jina langu, namba ya duka la Baba. Yetu imebandikwa kwenye kila friji tunalouza, na lile lake la soda ni la kwetu. Sikupokea, nikaiachia mashine. Baadaye nikaisikiliza simu hiyo peke yangu. Shikamoo yangu ikapita. Kikohozi chake kile cha kukaripia. Kisha akasema, "Marahaba, mwanangu."

Hakubonyeza chochote, akakata. Nilifikiri ameijibu mashine tu, mtoto wa yeyote, na nikachukia, nikafurahi, vyote kwa pamoja. Lakini jana alipiga tena. Leo pia. Leo ameitikia, halafu akauliza, "Unakula lakini?" Akangoja. Mashine ikamwambia abonyeze moja kwa fundi, na yeye akaisikiliza mpaka mwisho.

Dada, hebu niambie kweli tupu, bila mizaha yako: friji la dukani limeharibika? Kama limekufa, namtuma fundi. Kama linagandisha kama kawaida, usimwambie Baba chochote. Niandikie mstari mmoja tu, nami nitamwomba Fundi Waya namba hiyo ikiingia asiiachie mashine, ailete kwangu moja kwa moja.

Mpe Mama salamu zangu za magoti yote mawili, na jirani wa mlango wa pili mwambie nimenenepa. Baba usimsalimie. Salamu zake anazichukua mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako,
Sauti ya Kampuni