Neema Alidhani Naishi Corniche

Ijumaa, Desemba. Kabaridi kameingia Doha, hata sisi tuliozoea baridi ya Vihiga, Kenya, tumevaa sweta. Niko off leo. Mwili umepumzika, lakini akili imekataa.

Mimi ni nesi hapa. Binti yangu Neema ana miaka saba, na amelelewa na mamangu tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Nyanyake ndiye anamwita Mama. Mimi ni Mummy. Wiki jana binamu yangu, anayefanya kazi hapa pia, alitoka likizo nyumbani akaja naye, atembee mwezi mmoja. Kuna shule imenipa nafasi Januari. Nataka abaki.

Au nilitaka. Sijui tena.

Miaka hii yote nimekuwa nikimpigia video nikiwa Corniche. Chumba changu cha mtaa wa Fereej Bin Mahmoud ni kidogo na dirisha linatazama ukuta. Corniche kuna hewa: barabara pana kando ya maji, mitende, bustani zimefuatana mpaka unachoka kutembea. Wenyeji wakongwe husema zamani hapo palikuwa bahari, ikajazwa mchanga, ndipo barabara ikapita. Kila Ijumaa nilikaa kwenye nyasi nikamwonyesha maghorofa marefu ya West Bay ng'ambo ya maji, nikajisikia mama kweli.

Leo nimempeleka. Kabla ya kukanyaga nyasi amevua viatu, akavipanga vizuri pembeni. Amezunguka miti, akachungulia nyuma ya maua. Kisha akaniuliza kitanda changu nakiweka wapi.

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Kumbe mtoto aliamini naishi pale. Hiki chumba amedhani ni cha watu, tumelala tu kwa muda, na wiki nzima amengoja nimpeleke kwangu. Ndiyo maana amekataa kutoa nguo kwenye begi. Nami nilimgombeza kwa ukaidi, jamani.

Nikamweleza kwamba Corniche ni ya watu wote, mtu hupumzika kisha anarudi kwake. Akaanza kung'oa nyasi moja moja. Halafu akaniambia kwa huruma kabisa, kama mtu mzima, "Basi twende kwetu, Mummy. Mama atasonga kitandani, na mimi nitasonga. Utatoshea."

Nimefurahi au nimeumia? Nimekaa nayo tangu tulipotoka kule na bado siwezi kutenganisha.

Nimempigia mamangu. Nilitaka aniambie niache ujinga, au aniambie mtoto akae na mzazi wake, lolote lile. Amesema tu, "Uamuzi ni wako, mwanangu." Kisha akauliza kama Neema anakula vizuri.

Shule inataka jibu Jumapili. Nilikuwa nimejipanga leo, pale kwenye nyasi, nimwombe abaki na mimi.

Ameniwahi. Ameniomba yeye kwanza, niende nikaishi nao. Sasa kati yangu na huyu mtoto, ni nani atakayeanza kumwambia mwenzake hapana?